Sabufa ya ubao wazi

Sabufa ya ubao wazi ni spika ya besi isiyofungiwa ndani ya boksi. Spika hukazwa kwenye ubao, au katikati ya fremu iliyo wazi mbele na nyuma, na sauti yake hutoka pande zote mbili. Hutumika hasa nyumbani, katika sebule au chumba cha kusikilizia muziki, na mara nyingi hutengenezwa na mtumiaji mwenyewe akisaidiwa na seremala.

Inatofautiana na sabufa iliyozoeleka madukani Tanzania, ambayo ni boksi lenye tundu la hewa. Boksi la namna hiyo hutoa besi nyingi kwa umeme kidogo, lakini katika chumba kidogo chenye kuta ngumu huelekea kuvuma kwenye noti moja au mbili na kuzifunika nyingine. Ubao wazi hupunguza uvumaji huo. Gharama yake ni kwamba hupoteza sehemu kubwa ya besi yenyewe, na hasara hiyo inabidi ilipwe kwa spika kubwa na amplifaya yenye nguvu. Asiyepima kabla ya kununua anaweza kuunguza spika ya bei kubwa akitafuta besi ambayo ubao wake hauwezi kuitoa.

Makala hii inatumia mazingira ya Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kama mfano wa hesabu na ujenzi. Plaiwudi na mbao za misindano hutoka karibu, nyumba nyingi zina kuta za tofali, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, jambo linalogusa besi moja kwa moja.

Kanuni

Koni ya spika inaposukuma hewa upande wa mbele, wakati huohuo huivuta upande wa nyuma. Sauti ya nyuma ina nguvu sawa na ya mbele, ila imegeuzwa. Zikikutana hufutana. Kwa sauti nyembamba madhara ni madogo kwa sababu mawimbi yake ni mafupi: wimbi la hezi 3,400 lina urefu wa sentimita 10 tu. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.5, na mbele ya wimbi kubwa kiasi hicho spika ni kitu kidogo sana. Hewa iliyosukumwa mbele huzunguka ukingo na kuziba upungufu wa nyuma kabla sauti haijafika mbali.

Jaribio dogo linaonyesha jambo hili hata darasani. Unganisha spika tupu ya inchi 4 na redio, usikilize, kisha ibane kwenye tundu la ukubwa wake lililokatwa katikati ya kadibodi pana. Besi huongezeka papo hapo bila kugusa kitufe cha sauti. Kadibodi haikuongeza nguvu yoyote. Imerefusha njia ambayo sauti ya nyuma inapaswa kusafiri ili kuifikia ya mbele.

Njia hiyo ndiyo kipimo cha msingi cha ubao wazi. Kwa fremu ya sentimita 40 kwenda nyuma, ambayo itaelezwa hapa chini, tofauti ya njia kati ya sauti ya mbele na ya nyuma ni takriban nusu mita. Ukizidisha tofauti hiyo kwa 6, kisha ukagawanya kasi ya sauti kwa jibu, unapata masafa ambayo kuanzia hapo kwenda chini ubao wazi hutoa sauti ndogo kuliko ile ambayo upande mmoja wa koni ungetoa peke yake. Kasi ya sauti ikiwa mita 342 kwa sekunde, jibu ni hezi 114. Chini ya hapo sauti hupungua kwa desibeli 6 kila masafa yanaposhuka kwa nusu: kwenye hezi 60 hasara ni kama desibeli 5, kwenye hezi 40 ni karibu 9, kwenye hezi 30 ni 11, na kwenye hezi 20 ni 15.

Kuna jambo la pili linaloongeza ugumu. Hata ndani ya boksi lililofungwa, koni inapaswa kusafiri mara 4 zaidi kila masafa yanaposhuka kwa nusu ili sauti ibaki ileile. Kwenye ubao wazi inapaswa kusafiri mara 8. Hapa ndipo spika nyingi hufia: koili hutoka nje ya nafasi yake kwenye sumaku, sauti huanza kukwaruza, na msikilizaji asiyejua huongeza sauti zaidi.

Chukua spika ya inchi 15 yenye koni ya sentimita za mraba 850 hivi, inayoweza kusafiri milimita 8 kila upande, ikiwa imewekwa sakafuni ndani ya fremu hiyo. Kwa umbali wa mita 1, bila msaada wa chumba, kwenye usawa wa bahari, kikomo chake ni takriban desibeli 100 kwenye hezi 40, 93 kwenye hezi 30, na 82 tu kwenye hezi 20. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi 4 ni hezi 41. La nyuzi 5 ni hezi 31. Kwa hiyo spika moja ya namna hii inatosha kwa kwaya, rumba na sehemu kubwa ya Bongo Fleva kwa sauti ya sebuleni. Kwa filamu zenye milipuko haitoshi, na hakuna ikwalaiza itakayobadilisha ukweli huo.

Historia

Mwaka 1925 Chester W. Rice na Edward W. Kellogg wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walichapisha maelezo ya spika ya koili inayosogea, ambayo ndiyo msingi wa spika nyingi za leo. Redio za valvu zilizofuata zilikuwa na kabati la mbao lililo wazi nyuma, yaani zilikuwa spika za ubao wazi hata kama hakuna aliyeziita hivyo. Katika miaka ya 1950 boksi dogo lililofungwa, lililobuniwa na Edgar Villchur, lilionyesha kwamba besi nzito inaweza kutoka kwenye kasha la kuwekwa juu ya rafu, na ubao wazi ukabaki kwa wapenzi wachache. Aliyefanya kazi kubwa ya kuurudisha kwa besi ni mhandisi Siegfried Linkwitz (1935–2018), mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani. Alichapisha hesabu na michoro yake wazi ili watu wajijengee nyumbani.

Chumba cha tofali

Sauti iliyofungiwa kati ya kuta mbili zinazotazamana hujenga mawimbi yanayosimama. Ya kwanza hutokea pale nusu ya wimbi inapolingana na umbali kati ya kuta. Katika chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye dari ya mita 2.7, masafa hayo ni hezi 43 kwa urefu, 49 kwa upana na 63 kwa kimo. Yote matatu yako katikati ya besi ya muziki. Ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa plasta, kama ulivyo katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa, haunyonyi besi. Huirudisha karibu yote. Noti iliyoangukia kwenye masafa hayo huendelea kulia baada ya mpiga besi kuinua kidole.

Boksi husukuma hewa kila upande, kwa hiyo huyaamsha mawimbi yote matatu. Ubao wazi hutoa sauti kwa umbo la namba 8: nguvu mbele na nyuma, karibu kimya ubavuni, juu na chini. Ukielekezwa kwenye urefu wa chumba, wimbi la hezi 49 la upana na lile la hezi 63 la kimo karibu hayaguswi. Linabaki moja la kushughulikia badala ya matatu. Aidha, kwa sauti ileile ya mbele, ubao wazi humwaga chumbani theluthi moja tu ya nishati ambayo spika inayotoa sauti kila upande ingemwaga.

Dari huleta tatizo la aina nyingine. Jipsamu na silingi bodi zilizopigiliwa kwa misumari michache hutetemeka pamoja na besi, na bati lililolegea hujibu kwa mlio wake lenyewe. Mtu anaweza kuilaumu spika kwa wiki nzima kumbe kinachokwaruza ni fremu ya dirisha la alumini. Njia rahisi ya kutafuta ni kupiga sauti moja inayopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 120 huku mwenzako akipita chumbani kushika kitu kimoja kimoja.

Mwinuko na hewa

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mita 1,500 na ushee. Kanieneo la hewa huko ni kama asilimia 83 ya lile la pwani. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya, kwenye nyuzi 18 za Selsiasi, ina uzito wa karibu kilo 0.99, ya Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ina karibu kilo 1.16. Koni ikisafiri umbali uleule Mbeya hutoa sauti pungufu kwa takriban desibeli 1.4, na ili kuifidia inapaswa kusafiri asilimia 18 zaidi. Kwa boksi lenye akiba hiyo si kitu. Kwa ubao wazi, ambao tayari uko kwenye kikomo chake, ni sehemu ya kuhesabiwa tangu mwanzo: zile desibeli 100 za mfano wa juu huwa kama 98.5.

Wengi hudhani kasi ya sauti pia hupungua kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa mwinuko wenyewe haipungui. Kasi hufuata joto: mita 342 kwa sekunde kwenye nyuzi 18, mita 349 kwenye nyuzi 30. Asubuhi ya Julai huko Uyole masafa ya chumba hushuka kidogo kuliko mchana wa Novemba, lakini tofauti ni ndogo kuliko kosa la kupima chumba kwa hatua za miguu.

Kuchagua spika

Ubao wazi hauna hewa iliyofungwa nyuma ya koni kama chemchemi, kwa hiyo tabia ya spika yenyewe ndiyo huamua. Karatasi ya vipimo hutaja masafa asilia ya spika (Fs) na kiwango cha jumla cha kujizuia (Qts). Fs iwe hezi 35 au chini. Qts kati ya 0.6 na 1 hufaa pale ambapo hakuna ikwalaiza; spika yenye Qts ndogo kuliko hapo hutoa besi hafifu kwenye ubao wazi, lakini inaweza kuinuliwa kwa ikwalaiza ikiwa koni yake ina mwendo wa kutosha. Mwendo ni muhimu kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi. Namba kubwa ya wati iliyochapishwa kwa rangi nyekundu haisemi chochote kuhusu milimita.

Sabufa za gari za inchi 12 na 15 zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya magari zinaweza kutumika, nyingine vizuri kabisa. Spika za mtumba zikaguliwe: bonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili, usawa, usikilize kama koili inakwaruza. Mpira wa ukingo uliotengenezwa kwa povu hukauka na kupasuka kwa umri.

Ujenzi wa fremu

Ubao mmoja bapa hufanya kazi, lakini ili kufikia hezi 40 lazima uwe mpana kupita sebule nyingi. Fremu yenye umbo la herufi H hutatua hilo: ni handaki fupi la mraba, wazi pande zote mbili, na ubao wenye spika umesimama katikati yake.

Kwa spika ya inchi 15, nafasi ya ndani ya sentimita 45 kwa 45 na kina cha sentimita 40 hufaa. Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo inayopendekezwa. Karatasi moja ya futi 4 kwa 8 inatosha fremu mbili kamili: vipande vinne vya 40 kwa 45, vinne vya 40 kwa 48.6, na vinne vya 45 kwa 45 ili kila spika ipate ubao wa tabaka mbili zilizogandishwa. Mpe fundi mchoro wenye vipimo hivi kabla hajagusa msumeno, kwa kuwa mkato wa kwanza ukikosewa karatasi hiyo hutoa fremu moja na mabaki.

Mbao za misindano kutoka Mufindi, ambako shamba la miti la Sao Hill limeenea, ni rahisi kupatikana Mafinga na Iringa mjini, na zinafaa kwa mihimili na miguu. Nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Ubao mbichi uliofungwa wakati wa masika hujikunja na kuacha nyufa ifikapo kiangazi, na ufa unaopitisha hewa kando ya spika hupiga mluzi. Ziache zikauke kivulini, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati, kabla ya kuzitumia.

Viungo vipakwe gundi ya mbao na kukazwa kwa skrubu kila sentimita 10 hivi. Misumari hulegea kwa mtetemo. Spika ikazwe kwa bolti na nati, ikiwa na ukanda wa povu chini ya ukingo wake. Tundu likatwe baada ya kupima spika iliyopo mkononi, maana spika mbili zinazoitwa inchi 15 hutofautiana hata kwa sentimita nzima. Fremu huelekea kusukumwa mbele na nyuma kwa mwendo wa koni, kwa hiyo iwe na miguu ya mpira na uzito wa kutosha. Tofali mbili juu yake si aibu.

Handaki la fremu lina mlio wake wenyewe, kwa kawaida kati ya hezi 200 na 300. Kwa sababu hiyo kichujio kikate sauti ya sabufa kwenye hezi 100 hivi na kuacha spika nyingine ziendelee juu ya hapo. Chini, ikwalaiza iinue besi kwa desibeli 6 kila masafa yanaposhuka kwa nusu ili kufidia hasara iliyoelezwa, kisha kichujio kingine kikate kila kitu chini ya hezi 30. Kichujio hicho cha mwisho ndicho kinachookoa spika. Bila hicho, kishindo cha maikrofoni kuanguka jukwaani katika rekodi ya mkutano kinaweza kuitupa koni nje ya mwendo wake.

Upimaji

Kinachohitajika ni kompyuta, maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la masahihisho, na programu. Room EQ Wizard, inayopatikana bure, ndiyo hutumiwa na wengi. Maikrofoni ya simu haifai kwa kazi hii, kwani simu nyingi huchuja besi kwa makusudi ili kupunguza kelele za upepo.

Kupima besi ya spika peke yake ndani ya nyumba haiwezekani. Ili kuitofautisha hezi 20, kompyuta inahitaji milisekunde 50 za sauti isiyo na mwangwi, na katika muda huo sauti husafiri mita 17. Hivyo spika hutolewa nje, kwenye uwanja, mbali na kuta, na maikrofoni hulazwa chini umbali wa mita 2 mbele yake. Kazi hii ifanyike alfajiri kabla upepo haujaamka. Kuweka maikrofoni karibu kabisa na koni, njia nzuri kwa maboksi yaliyofungwa, hapa hudanganya: huonyesha besi nzuri kwa sababu sauti ya nyuma bado haijafika kuifuta.

Baada ya hapo hupimwa chumbani, pale mahali pa kukaa na sehemu nyingine nne au tano kuzunguka kichwa cha msikilizaji. Kompyuta itumie betri. Ikichomekwa ukutani, mara nyingi mchoro huonyesha vilele kwenye hezi 50 na 100 ambavyo ni umeme wa gridi, si chumba. Mvua ikianza kupiga bati, acha. Mbeya kati ya Desemba na Aprili hilo linaweza kumaanisha kuacha hadi kesho.

Mchoro wa kwanza hushtua: vilele na mashimo yanayotofautiana kwa desibeli 15 au 20 ni kawaida. Kilele kinaweza kupunguzwa kwa ikwalaiza. Shimo lisijazwe. Shimo ni mahali ambapo mawimbi yanafutana, na nguvu inayoongezwa hufutwa pia, huku koni ikizidi kusafiri. Dawa ya shimo ni kusogeza spika au kiti. Mchoro unaoonyesha jinsi kila noti inavyofifia kwa muda una manufaa kuliko ule wa usawa wa sauti, kwa sababu uvumaji ni suala la muda.

Upimaji huo pia huonyesha uchafu wa sauti. Sauti ya hezi 30 ikipigwa na mchoro ukaonyesha nyingine kwenye hezi 90, koni imefika kikomo. Sikio husikia hezi 90 kwa urahisi zaidi kuliko 30, hivyo msikilizaji hudhani besi imeongezeka.

Wanaotaka namba kamili za desibeli hutumia kifaa cha kusahihishia maikrofoni. Aina ile ya pistoni hutegemea kanieneo la hewa, na kwa mwinuko wa Mbeya husoma pungufu kwa takriban desibeli 1.8 isiporekebishwa. Kwa kulinganisha mkao mmoja na mwingine katika chumba kilekile, kosa hilo halina athari.

Uwekaji

Boksi hupata nguvu likisukumwa kwenye kona. Ubao wazi hupoteza nguvu ukigusa ukuta wa nyuma, na huhitaji karibu mita 1 ya nafasi. Katika sebule ya mita 4 hiyo ni robo ya chumba, na ni sababu halali ya kuachana na mpango mzima. Tena, chini ya masafa ya kwanza ya chumba, yaani hezi 43 katika mfano wetu, boksi lililofungwa husaidiwa na chumba kilichofungwa milango, lakini ubao wazi hausaidiwi.

Una hata hivyo kifaa kimoja ambacho boksi halina: kuugeuza. Fremu ikizungushwa nyuzi 20 au 30, uwiano kati ya wimbi la urefu na la upana hubadilika, na mchoro hubadilika nao bila kugusa ikwalaiza. Huzungushwa kidogo kidogo, hupimwa kila mara, na mkao uliokubalika huwekewa alama ya utepe sakafuni, maana siku ya kudeki fremu itasogezwa.